Kukonda nako kuna kikomo

Ndugu zetu waliopasuliwa tumbo ng'ambo ili wapunguze uzito, wakirejea Buwenge hupokewa kwa minong'ono. Sishangai: ukimwi ulipoonekana Rakai mwaka 1982, watu waliuita "siriimu" kwa jinsi ulivyokondesha.

Hata hivyo, wa kuamua mtu akomee wapi si majirani, wala si mizani peke yake. Kwa kawaida uzito hushuka kwa miezi 12 hadi 18, kisha hutulia. Mwenye kimo cha mita 1.65 akishuka chini ya kilo 50, au akiishiwa nguvu, amwone daktari mara moja. Nanyi wafanyabiashara mnaoshinda Busia na Malaba bila kula, msiache vidonge vya vitamini. Ni vya maisha.

Nawasihi: kipimo kiwe afya, si wembamba.