Mnataka Nichague? Walibora Hakuchagua

Wiki iliyopita msee mmoja alifufua video yangu ya zamani. Wengi mnaijua. Nimesimama nje ya geti la chuo nilichoacha, nimeshika bunda la makaratasi, nauliza: "PhD ya fasihi imewahi kumlipia nani nyumba?" Mlicheka sana. Hakuna kitu nimewahi kuposti kikasambaa vile. Leo naipinga mwenyewe, na msinitetee.

Dadangu alifanyia KCSE Kidagaa Kimemwozea. Sisi tulipewa Chozi la Heri, lakini chake nilikuwa nimeshakisoma nikiwa darasa la saba, chini ya blanketi kwa tochi ya simu. Nilielewa nusu. Kilichonishika ni Amani, kijana aliyeandika mswada, mtu mzima anayeheshimika akauiba na kuutoa kwa jina lake. Halafu huyo huyo Amani anatupwa ndani kwa kosa la kusingiziwa. Nilikasirika hadi nikashindwa kulala.

Miaka baadaye, nikiwa kampasi, ndio nikajua aliyeandika hiyo riwaya alikuwa nani kando na setibuku. Ken Walibora alitoa Siku Njema 1996. PhD yake, Ohio State huko Marekani, aliipata 2009. Hesabuni wenyewe, miaka 13 katikati. Kwa hivyo ile stori ya "soma kwanza, vipaji baadaye" tunayopigiwa nyumbani, kwake ilikwenda kinyume kabisa. Aliandika, akafanya kazi ya habari, akasoma, akafundisha chuo kikuu cha Wisconsin, na bado akaandika.

Na utafiti wake ulihusu nini? Masimulizi ya Wakenya waliofungwa kwa sababu za siasa. Jamaa alikaa miaka akisoma jinsi mtu anavyojieleza akiwa amefungiwa. Kisha 2012 kinatoka Kidagaa, na ndani yake kuna kijana asiye na kosa akiwa korokoroni. Siwezi kuapa kwamba kimoja kilizaa kingine, huo ni usomaji wangu tu. Lakini usiniambie hizo kazi mbili hazikuwa zinaongea. Zilikuwa kichwa kimoja, maze.

Sasa, kuna watu wa aina mbili nimegombana nao. Wa kwanza wako chuoni. Mwaka wangu wa pili nilimpelekea mhadhiri mmoja hadithi fupi niliyoisumbukia likizo nzima. Akauliza ni ya kozi gani. Nikamwambia si ya kozi, mwalimu, nilitaka tu maoni yako. Akanirudishia bila kufungua hata ukurasa. Akasema nikitaka kuwa msomi niachane na michezo. Huyo mtu alikuwa anatufundisha RIWAYA. Yaani mtu anakula kwa riwaya za wengine, lakini ukimletea ya kwako ni mchezo.

Wa pili ni sisi. Sisi wa "degree ni karatasi". Hapa naomba mvumilie kidogo kwa sababu inauma. Tunachukua kitu ambacho mtu alikitafiti miaka mitano, tunakikatakata kuwa sekunde tisini, jina lake hatutaji, halafu video inayofuata tunamcheka kwamba hana pesa. Kwenye Kidagaa mwizi wa mswada anaitwa Majisifu. Alipoalikwa chuo kikuu kuhutubia, alishindwa, akatoroka, kwa sababu kazi haikuwa yake. Nilipokirudia kitabu mwezi uliopita nilifika hapo nikakifunga. Nilijiona.

Mtasema Walibora alikuwa wa aina yake. Sawa, basi Euphrase Kezilahabi wa Tanzania? Shahada ya uzamili aliandikia kazi za Shaaban Robert, PhD akaimaliza 1985, Wisconsin pia (sijui huko wanakula nini), na riwaya zake ngumu kabisa, Nagona na Mzingile, zilikuja baada ya hapo. Said Ahmed Mohamed alifundisha Bayreuth, Ujerumani, na ndiye mwenye Utengano. Na wewe uliye fomu thrii unayenung'unikia Nguu za Jadi, mwandishi wake, Clara Momanyi, ni profesa. Hawa si watu walioshindwa kuamua. Wanajua hadithi inavyoundwa kwa sababu wamezifungua mamia, na wanajua kuzifungua kwa sababu wao pia huzifunga.

Kuna mmoja ataandika hapo chini, "Kwani si wewe uliacha?" Niliacha, ndiyo. Lakini sikuacha kwa falsafa yoyote. Karo ilikuwa na salio, mama alikuwa ameshauza ng'ombe wa pili, na mimi nikaona aibu kumwambia auze wa tatu. Ile "degree ni karatasi" niliitunga baadaye, nikiwa na njaa na simu. Ilikuwa rahisi kusema nimekataa kuliko kusema nimeshindwa. Na kuna watoto wa miaka kumi na saba wameniandikia kwamba waliamua wasijaze fomu za kujiunga na chuo kwa sababu yangu. Wawili. Hao ndio wananikosesha usingizi sasa.

Video sijaifuta. Nimebandika maoni yangu juu kabisa: anayeongea hapa aliacha chuo kwa sababu ya deni. Na ile hadithi ambayo haikufunguliwa, Ijumaa naisoma hapa yote, dakika ishirini na mbili, bila muziki.