Besi Si Kipaji, Ni Umbali

Kuna uongo mmoja tunaoupenda sana sisi wapiga besi wa Lodwar: eti besi ni kipaji, na kama huna, rudi ukapige makofi. Niliuamini miaka mitatu. Nilikariri nyimbo kidole kwa kidole kutoka kwa video za simu. Halafu Jumapili moja mwalimu wa kwaya akasikia E iko chini mno kwa waimbaji, akasema twende G. Wa kinanda akabonyeza kitufe, basi. Mimi nikabaki nimesimama kama nguzo ya stima.

Dawa niliipata Kakuma, kama kilomita 120 kutoka kwetu. Kambi ile iko tangu 1992, na Wakongo wengi walifika na besi masikioni, si mizigoni. Kijana mmoja wa huko alinizuia nisiguse gita. "Kaka, imba do kwanza. Sasa so. Sasa itafute."

Nikaitafuta. So iko uzi mwembamba unaofuata, freti mbili mbele. Fa iko uzi huohuo, freti ileile ya do. Mi, rudi freti moja. Do ya juu, ruka uzi mmoja, songa freti mbili. Kwa sababu nyuzi zote nne, E, A, D, G, zimeachana kwa umbali ule ule, umbo halibadiliki. Hamisha do na kila kitu kinahama nayo. Hicho ndicho "kipaji" nilichokuwa nakosa.

Sasa mtu aniambie nadharia ni ya wasomi. Wasomi gani? Kina mama wa sauti ya kwanza wanasoma solfa kila wiki, wengine hawajawahi kugusa ala yoyote. Mbona mpiga besi peke yake ndiye aachiwe abahatishe?

Nitawaambia mbona. Gita ni moja, vijana ni sita. Anayesema "hii ni kipaji" analinda zamu yake. Lakini umbali kati ya do na so hauhitaji gita. Unaimbika ukingoja bodaboda. Siku zamu yako ikifika, vidole vinafuata tu mahali sikio lilishafika.

Kwa hivyo wakongwe, mkiulizwa, fundisheni. Na wewe usiye na gita, usingoje ruhusa yao. Imba do.