BARUA YA SIFA NI USHAHIDI



Ndugu zangu, msimu wa maombi ya vyuo ukifika hapa Singida, simu za mashehe hazipumziki. Mzazi keshauza magunia ya alizeti, kijana ana shahada ya kwanza, sasa anataka umahiri au uzamivu Dodoma, Dar es Salaam au Nelson Mandela kule Arusha. Ombi ni lile lile: "Shehe, niandikie barua useme unanijua." Na wasimamizi wa utafiti je? Kaandika ujumbe mmoja, kautuma kwa maprofesa ishirini.

Mimi elimu yangu ni ya madrasa na sekondari. Lakini kumpima anayetaka kufundishwa ni kazi ya kila mwalimu, na mizani yake ni ya zamani.

Kwanza, subira. Alama nzuri zinaonyesha uliweza kujibu maswali yaliyotungwa na mwingine. Utafiti ni kukaa miaka na swali ambalo hata mwalimu hana jibu lake. Rejea kisa cha Nabii Musa na Khidhr katika Suratul Kahf. Musa ni Mtume, lakini aliomba ruhusa ya kumfuata mwalimu, na kilichopimwa kwake kilikuwa subira.

Pili, unyenyekevu. Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu alikuwa rika moja na Sayyid Ahmad bin Sumeit, kadhi wa Zanzibar. Hilo halikumzuia kukaa mbele yake kama mwanafunzi. Wote wawili walifariki mwaka 1925, na mpaka leo wanatajwa pamoja. Basi hata wewe uliyemaliza uzamivu na unatafuta nafasi ya kuendelea na utafiti, usiende kama aliyekwisha kujua.

Tatu, uaminifu. Jina la msimamizi litakaa pembeni ya jina lako. Ukipika takwimu au ukinakili kazi ya mtu, umeichafua na heshima yake. Jaribio likishindwa, andika limeshindwa.

Nne, soma kabla ya kubisha hodi. Visima vingi vya mkoa wetu vina floraidi nyingi, na meno ya watoto wetu ni mashahidi. Nelson Mandela wapo watafiti walioshughulikia kuiondoa kwenye maji. Soma kazi ya mmoja wao, kisha mwandikie: nimesoma hili, sikuelewa hapa, na kijijini kwetu naona swali hili. Ujumbe mmoja wa namna hiyo unashinda ishirini za kunakili, kwa sababu unaonyesha umeanza kazi kabla ya kupewa nafasi.

Sasa turudi kwenye barua. Wazazi, mnisamehe, siandiki sifa za mtu nisiyeijua kazi yake. Barua ile ni ushahidi, na ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa. Tena inamdhulumu mtoto wa mwingine aliyestahili nafasi hiyo na hana wa kumsemea. Kijana, mwendee mwalimu aliyekuona ukifanya kazi, hata kama sifa zake ni chache.

Nanyi walimu wetu wa vyuo, mwenye kuuliza kwa adabu mjibuni, hata kama jibu ni hapana. Kuna mzazi anasubiri, na alizeti imeshauzwa.

Wabillahi tawfiiq.