Kaye ya Pili kwa Somo la Historia

Nilipokuwa nikifanya staji ya ualimu katika shule moja ya sekondari hapa Lubumbashi, nilitoa somo juu ya mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière. Niliandika ubaoni kwa Kifaransa: tarehe 9 Desemba 1941, uwanja wa mpira, askari wakapiga risasi. Wanafunzi walinakili kimya. Nilipowauliza maswali, walinisomea sentensi zangu mwenyewe. Na wengi wao ni wajukuu na vitukuu wa watu waliofanya kazi katika kampuni hiyo!

Siku ile nilielewa kwamba kunakili si kujifunza. Maoni yangu ni haya: kila mwanafunzi wa historia awe na kaye ya pili, na humo aandike kwa lugha anayoiwazia. Kwa wengi wetu huku, lugha hiyo ni Kiswahili.

Namna yake si ngumu. Ukurasa ugawanywe sehemu mbili. Kushoto mwanafunzi aandike alichoelewa darasani. Kulia aandike anachojiuliza, ama alichoambiwa nyumbani. Dakika kumi za mwisho wa somo zinatosha. Baada ya wiki chache arudie ukurasa uleule, aandike kama bado anafikiri vilevile. Mwalimu asome, ajibu kwa swali moja pembeni, asihesabu makosa ya sarufi.

Nilijaribu kwa wiki tatu. Msichana mmoja aliandika upande wa kulia: “Bibi anasema baba yake hakupenda kupita karibu na ule uwanja. Mbona hatukuandika watu walikuwa wanataka nini?” Nilipaswa kurudi darasani na jibu: vita ilikuwa imepandisha bei ya vitu, na mshahara haukutosha tena kulisha familia. Somo langu la kweli lilianza hapo.

Najua wenzangu watasema kwamba Mtihani wa Serikali ni kwa Kifaransa. Ni kweli, kwa hiyo kaye ya kwanza ibaki. Lakini aliyeelewa jambo kwa Kiswahili ana kitu cha kutafsiri. Aliyekariri tu hana. Wengine watasema kumbukumbu za wazee zina makosa. Ndiyo maana ukurasa una sehemu mbili: mwanafunzi atalinganisha, atauliza nani aliona na nani alisikia tu. Hiyo ndiyo kazi ya mwanahistoria.

Tena jambo hili si geni katika mji wetu. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya Elisabethville jinsi watumishi wa nyumbani walivyoikumbuka. Si kila jambo humo linalingana na vitabu vya wanahistoria. Hata hivyo, Johannes Fabian aliyachapisha maandishi hayo mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na wataalamu wanayasoma hadi leo, kwa sababu yanasema yale ambayo vitabu viliyaacha.

Sisi wa kitivo cha lugha, wengi tutakuwa walimu kesho. Tusiwaachie walimu wa historia peke yao kazi hii, maana kuandika ndiyo kazi yetu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbukumbu za wazee wetu ni mali, na kila mwaka tunawazika wanaozijua.