Dansi ya Wawili Darasani: Tuanze na Sikio

Wakufunzi wenzetu wengi hukubali bila ubishi kwamba ngoma ni somo, lakini hukunja uso itajwapo dansi ya watu wawili. Husema ni mambo ya vilabuni, tena ni kasumba ya wageni. Sisi tunaofundisha chini ya milima ya Uluguru hatuoni nguvu ya hoja hiyo.

Hapa Morogoro ndipo Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, alipoiongoza Cuban Marimba. Ndipo pia Mbaraka Mwinshehe alipopata jina akiwa na Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda Osaka, Japani, wakati wa maonyesho ya mwaka 1970. Rumba na chacha zilitufikia kwa sahani za santuri zenye muziki wa Kuba, lakini mizizi ya rumba ilikuwa imevuka bahari pamoja na Waafrika waliouzwa utumwani. Kilichorudi nyumbani, kikaimbwa kwa Kiswahili, hakiwezi kuitwa mgeni.

Linalotushughulisha ni namna ya kufundisha. Sisi wenyewe tulianza vibaya. Tuliwapanga wavulana upande mmoja na wasichana upande wa pili, tukaamuru kila mvulana achague mwenzi. Waliojua walijionyesha; wasiojua walitazama viatu vyao. Msichana mmoja aliyekataa mkono wa mwenzake alizomewa na darasa zima, nasi tukanyamaza. Kipindi kilichofuata hakuja. Kosa lilikuwa letu, wala si la dansi.

Tangu hapo twafuata hatua tatu. Ya kwanza ni sikio. Wanachuo huketi, husikiliza na kupiga makofi. Walsi ina mapigo matatu. Rumba na chacha zina manne. Katika chacha, hatua mbili za taratibu hufuatwa na tatu za haraka. Aidha, hujifunza kutambua wimbo unapoacha sehemu ya polepole na kuingia chemko, magitaa yanaposhika kasi.

Ya pili ni miguu. Kila mmoja hutembea peke yake akifuata pigo. Ngoma zetu nyingi huchezwa hivyo, katika duara au mstari, kwa hiyo hakuna aanzaye bila akiba.

Ya tatu ndiyo ya mwenzi. Hapa adabu hutangulia mshiko: kuomba kwa heshima, kukubali, kukataa bila kudaiwa sababu, na kupokea kukataliwa bila kinyongo. Kisha wote hupokezana kuongoza na kufuata, wavulana kwa wasichana, maana kiongozi asiyewahi kufuata humburuta mwenzake.

Wako wazazi na viongozi wa dini wasiopenda vijana washikane. Tusiwadharau. Hatua mbili za kwanza hazihitaji kushikana, na ya tatu yaweza kufanywa na wa jinsia moja, au kila mmoja akashika ncha ya leso.

Hatuna budi kukumbuka kwamba vijana watacheza dansi, tuwafundishe tusiwafundishe. Tukiwaacha, watajifunza hatua bila adabu. Nasi twaomba wakufunzi wenzetu waanze kesho kwa wimbo mmoja tu, darasa likiwa limeketi. Na siku mwanachuo atakapokataa mkono wa mwenzake, mwalimu asinyamaze kama tulivyonyamaza sisi.