Katani ya Mazinde Haina Mafuta

Neno linapita vibarazani siku hizi, na katika simu pia, ya kuwa yako mafuta ya kupikia bora kuliko yote, nayo ni mafuta ya mbegu za katani. Ya kuwa yanaujenga mwili kuliko mafuta ya nazi, na ya kuwa mkulima atakayewahi kupanda ndiye atakayefaidi. Jambo hili lawahusu wanachama kwa pande mbili. Sote twapika, na sote tuna mashamba ambayo mikarafuu yake haizai sawasawa kila mwaka, hata mtu akisikia zao jipya moyo humwenda mbio. Kwa hivyo twaona yafaa tuliseme wazi kabla mtu hajatoa fedha yake.

Kwanza ni neno lenyewe. Kwetu sisi, mtu akitaja katani fikira huvuka bahari zikaenda Tanga. Anayetoka Wete akashukia Tanga, akapita Muheza, Korogwe na Mombo, hufika Mazinde, milima ya Usambara ikiwa mkono wake wa kulia. Mazinde ni mji wa zamani. Katika karne ya 19 alikaa hapo Semboja, mtawala wa ukoo wa Kilindi, akifanya biashara na misafara iliyokuwa ikienda bara na kurudi pwani. Mkonge ulikuja baadaye. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika mizima ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo michache mkonge ulienea mpaka chini ya Usambara, na Mazinde ikawa nchi ya mkonge. Majani yake yakipitishwa katika mashine ya korona, nyuzi zinazobaki ndizo katani.

Sasa mtu na atafute mbegu za kukamua katika mkonge huo! Mkonge hukaa miaka saba, kumi au zaidi, kisha hutoa mlingoti mrefu. Juu ya mlingoti hutoka maua, na baada ya maua hutoka vichipukizi vidogo vinavyoanguka na kuota. Mbegu ni nadra. Na ukishatoa mlingoti, mkonge hufa. Basi katani ya Mazinde ni kamba, ni magunia, ni mazulia, mafuta haina.

Katani inayosemwa katika mafuta hayo ni mmea mwengine kabisa. Wataalamu huuita Cannabis sativa, nasi twaujua kwa jina la bangi. Huko Asia na Ulaya, tangu zamani, aina zake ndefu zililimwa kwa ajili ya nyuzi za kamba na matanga. Wafanya biashara wa Kizungu wakazowea kuita kila uzi mgumu wa kamba kwa jina la mmea huo: wakauita hivyo mkonge, wakauita hivyo hata uzi wa Manila, ambao hutokana na mmea wa jamaa ya mgomba. Ndivyo jina moja lilivyokaa juu ya mimea isiyokuwa na udugu. Sisi wakulima wa karafuu tusistaajabu sana, maana mafuta ya makonyo yanayotolewa kiwandani Wawi nayo huitwa mafuta, lakini nani atayakaangia samaki?

Haki nayo isemwe. Mbegu za mmea huo zenyewe hazina kileo cha kuhesabiwa, na mkataba wa dawa za kulevya uliotiwa saini New York mwaka 1961 haukuzihesabu mbegu, wala kilimo cha nyuzi na mbegu, katika yale uliyoyafunga. Kanada ilianza kutoa leseni za kilimo hicho mwaka 1998. Marekani ilikiruhusu nchi nzima mwaka 2018, kwa sharti kwamba kileo katika mmea kisizidi 0.3 katika mia. Karibu na kwetu, Malawi ilitunga sheria yake mwaka 2020. Mafuta yenyewe si uzushi. Mbegu ikikamuliwa bila ya moto hutoa mafuta ya rangi ya kijani, na zaidi ya 70 katika mia yake ni ya ile namna laini isiyoganda, ambayo waganga huisifu kwa afya ya moyo. Mafuta ya nazi ni kinyume chake. Zaidi ya 80 katika mia ni ya namna inayoganda, na ndiyo maana wakati wa kipupwe huyaona yameganda chupani. Mwenye maradhi ya moyo akiambiwa na daktari apunguze nazi, na asikie.

Lakini tuyatie jikoni tuyaone. Mafuta ya namna hiyo laini hayapendi moto mkali. Yakiunguzwa huharibika na ladha hugeuka kuwa chungu. Yakiachwa joto na mwangaza huvunda upesi. Wenye nayo huyahifadhi katika chupa nyeusi mahali pa baridi, na huyamimina juu ya chakula kilichokwisha kuiva. Mapishi yetu je? Sisi twakaanga samaki, twachoma mandazi, twatia sambusa katika mafuta yanayotokota. Mafuta ya kachumbari hayatachukua kazi ya karai. Anayetaka mafuta mepesi kuliko ya nazi, alizeti ya Singida na Dodoma ipo madukani. Na lile jema jengine wanalolisifu katika mbegu hizi, yaani mafuta ya omega 3, sisi watu wa visiwani twalipata katika dagaa na samaki wa mafuta, tena katika hali ambayo mwili waitumia kwa wepesi zaidi.

Sasa tuje kwenye sheria, na hapa pana hatari yenyewe. Tanzania Bara ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na Zanzibar ina sheria yake na mamlaka yake. Anayepanda mmea huu bila ya ruhusa ya Serikali hatasalimika kwa kusema, "Mimi nimepanda katani ya mafuta." Askari atauona mbangi, na hakimu atauona mbangi. Adhabu si ya faini ndogo. Ni kifungo cha miaka mingi. Aliyemuuzia mbegu hatakuwapo siku hiyo. Shamba la karafuu lililorithiwa kwa babu lisije likakosa mwenyewe kwa sababu ya neno moja lenye maana mbili.

Kwa hivyo shauri letu kwa wanachama ni hili. Asinunue mtu mbegu, wala asizitie ardhini. Anayeuziwa chupa na atazame kama imeandikwa jina la kitaalamu la mmea, na siku ya kukamuliwa, na kama ina idhini ya Wakala wa Chakula na Dawa, Zanzibar. Ikiwa haina, na airudishe. Na ikiwa siku moja Serikali itaufungua mlango wa kilimo hiki, tuingie kwa pamoja kupitia jumuiya yetu, tukiwa na mnunuzi na bei iliyoandikwa, si mmoja mmoja kwa kunong'onezwa.

Mazinde na majirani zake wana funzo jengine. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa tani zipatazo 230,000 za katani, ikawa ya kwanza duniani. Kisha nyuzi za viwandani zikaivunja bei, na mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi haikufika hata tani 30,000. Wenye mkonge hawakuokoka kwa kukimbilia jina jipya. Huko Hale, wilaya ya Korogwe, walianza kuyatoa umeme yale makapi ya majani yaliyokuwa yakitupwa, nayo ndiyo sehemu kubwa kabisa ya jani, kwani nyuzi hazifiki hata tano katika mia. Nasi tunayo makonyo, tunayo minazi iliyozeeka ambayo hatujapanda mingine mahali pake. Mche wa mnazi hauna kesi, na mafuta yake yana mnunuzi nyumba ya pili. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Masika yakiingia, tuanze na miche ya minazi.