Kiti Ndani ya Safu: Jeraha la Goti na Moyo wa Mtu wa Mwendo

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii hutajwa sana panapozungumzwa homa na vidonda, lakini ni nadra kutajwa panapozungumzwa huzuni. Makala haya yanadai kwamba mtu aliyezoea kuutumia mwili wake, akiumia goti vibaya, huugua mara mbili: goti huugua na moyo nao huugua. Maradhi ya kwanza hupelekwa hospitali. Ya pili hufichwa, na jamii ndiyo inayomsaidia kuyaficha.

Mtaa wa Biashara, kisiwani Mombasa, ni mahali panapolidhihirisha jambo hili. Mtaa huu ni maarufu kwa leso na vikoi, na shughuli zake nyingi huendeshwa kwa miguu. Hamali husukuma mkokoteni uliosheheni marobota. Kijana wa dukani hupanda ngazi mara kadha wa kadha kushusha nguo za rafu ya juu. Fundi wa barazani hukanyaga cherehani akipinda leso zilizonunuliwa punde hivi. Jioni ikifika, wenye nguvu zilizobaki huenda kucheza mpira. Kwa watu kama hao, mguu ni riziki, ni sifa, na ndio unaowafanya wajulikane mtaani.

Sasa goti likatike kano. Ndani ya goti mna kano zilizopishana mithili ya msalaba. Ile ya mbele huzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja. Ikikatika kabisa, mara nyingi haijiungi barabara yenyewe. Wengi wa wanaotaka kurejea michezoni hufanyiwa upasuaji wa kupandikiza kano nyingine, kisha hushauriwa wasubiri miezi 9 au zaidi, wakijifunza upya kukunja goti, kupanda ngazi na kukimbia. Katika muda huo, aliyekuwa akitegemewa huwa yeye ndiye mwenye kutegemea.

Jamii humwambia nini mtu huyo? Humwambia, "Pole, ushukuru Mungu mguu bado uko." Humwambia subira huvuta heri. Maneno haya ni mema, na hutoka katika nyoyo safi. Tatizo ni kwamba huja mapema mno, kabla mgonjwa hajapata nafasi ya kusema alichopoteza. Akijibu "Alhamdulillahi", mazungumzo yamekwisha. Akilia, ataonekana hana shukrani. Ajabu ni kwamba haya hutokea katika mtaa unaouza maneno. Kila leso ina jina lake, na wanawake wa pwani kwa miaka mingi wameitumia kusema lile ambalo kinywa kiliona haya kulitamka. Hamali aliyevunjika moyo hana leso ya kuvaa. Hunyamaza tu, na ukimya wake huchukuliwa kuwa ndio subira.

Huzuni isiyosemwa huamua mambo kwa haraka. Mwezi Novemba 2010, Haile Gebrselassie wa Ethiopia, bingwa wa Olimpiki wa mita 10,000 mwaka 1996 na 2000, alijitoa katika mbio za marathoni za New York kwa maumivu ya goti. Siku iyo hiyo akatangaza kwamba anastaafu. Siku chache baadaye alibadili kauli, na aliendelea kukimbia kwa miaka kadhaa. Ikiwa bingwa wa kiwango hicho aliweza kuyakatia tamaa maisha yake ya riadha katika saa ya uchungu, si haki kumdhania hamali ana moyo wa chuma. Linalosemwa katika siku za mwanzo lisikilizwe, wala lisichukuliwe kuwa ndiyo hukumu ya mwisho.

Hata hivyo, kumpa mgonjwa matumaini ya uongo si kumliwaza. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba, baada ya upasuaji wa kano hiyo, watu 81 kati ya 100 walirudi katika mchezo wa namna fulani, 65 walirudi katika kiwango chao cha awali, na 55 tu walirudi katika mashindano. Hofu ya kuumia tena ni miongoni mwa sababu zinazowazuia wengine. Victor Wanyama, aliyekuwa nahodha wa Harambee Stars, aliumia goti Agosti 2017, akarudi, na tarehe 4 Februari 2018 aliifungia Tottenham bao la kusifika huko Anfield. Lakini goti hilo liliendelea kumsumbua baadaye. Kurudi, basi, kuna madaraja yake, na mgonjwa anastahili kuambiwa ukweli huo.

Lipi lifanywe? Jibu limo katika misikiti iliyo karibu na mtaa huo. Asiyeweza kusimama wala kusujudu ameruhusiwa kuswali ameketi. Huwekewa kiti, na kiti hicho huwekwa ndani ya safu. Hakuna anayemwambia akae nyumbani mpaka apone, na hakuna anayejifanya hakioni kiti. Ulemavu wake umekubaliwa, na nafasi yake miongoni mwa wenzake imehifadhiwa.

Mfano huu unafaa kuigwa dukani na uwanjani. Mwenye duka atasema, na ana haki, kwamba biashara ndogo haiwezi kumlipa mtu asiyebeba. Lakini marobota huhitaji kuhesabiwa, madeni huhitaji kuandikwa, na mteja huhitaji mtu anayezijua leso. Timu nayo huhitaji jicho la kuutazama mchezo kutoka nje. Kazi hizi hazilingani na ile iliyopotea, na mgonjwa asilazimishwe kusema zinalingana. Faida yake ni kwamba zinamweka mahali ambapo wenzake wanamwona, na ambapo siku moja, kati ya mteja na mteja, atapata wa kumwambia jinsi anavyoyakosa mambo aliyoyazoea.

Basi anayekwenda kumjulia hali mtu wa namna hii na aulize la goti, kisha aulize la moyo, na asiwe na haraka ya kulijibu.